Kumbukumbu za Zamani, Kompyuta Mpya

Somo kwa makarani wa ushuru, maafisa wa tehama na wenye ploti wa Kisii na Nyamira

Mama mmoja mwenye ploti ya biashara mjini Keroka anataka kuihamisha ploti hiyo iwe kwa jina la mwanawe. Msajili wa ardhi anamwagiza alete kwanza hati inayoonyesha kwamba hadaiwi kodi ya ardhi. Anafika kwenye kaunta ya ushuru, karani anaingiza nambari ya ploti, na skrini inaonyesha malimbikizo ya tangu mwaka 2005, enzi za mabaraza. Mama anashangaa, kwani anakumbuka vizuri kwamba alilipa. Risiti zake zililowa mvua ilipovuja nyumbani. Leja ya karatasi ya mwaka ule haionekani. Kilichobaki ni kompyuta kuukuu iliyofunikwa kwa gunia kwenye kona ya stoo, na ndani yake programu ambayo haifunguki kwenye kompyuta yoyote mpya ya ofisi.

Mama huyu ni wa mfano, lakini swali lake ni la kweli kwa ofisi yoyote iliyorithi kazi za ofisi nyingine: mashine ya zamani ikifa, je, haki ya mwananchi nayo ife? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Somo hili linaeleza kwa nini daftari la kompyuta ya zamani hukataa kufunguka kwenye kompyuta mpya, na hatua ambazo ofisi inaweza kufuata ili yaliyoandikwa humo yasomeke tena.

Daftari lilitoka wapi

Kabla ya uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, Kenya ilikuwa na mabaraza 175 ya serikali za mitaa. Katika eneo la Gusii yalikuwemo Baraza la Manispaa ya Kisii, Baraza la Kaunti ya Gusii, na mabaraza ya miji kama Keroka na Ogembo. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitoza kodi ya ardhi, leseni za biashara na ushuru wa soko. Ugatuzi ulipoanza, kazi hizo zilihamia kwa serikali za kaunti, Kisii ikiwa kaunti nambari 45 na Nyamira nambari 46. Pamoja na kazi hizo zikaja mali, madeni, watumishi na kumbukumbu.

Keroka unaonyesha uzito wa kumbukumbu hizo. Mji huo uko kwenye mpaka wa kaunti hizi mbili, na suala la nani akusanye ushuru upande upi limeleta mvutano kwa miaka. Mahali kama hapo, rekodi ya nani alilipa nini, lini na kwa nani huwa na thamani maradufu. Mwananchi asiye na rekodi anaweza kudaiwa pesa ambazo tayari alilipa.

Katika miaka ya mwisho ya mabaraza, mengi nchini yalitumia mfumo wa pamoja wa fedha uliojulikana kwa kifupi kama LAIFOMS. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980 na 1990, programu za hifadhidata zilizoenea zaidi maofisini duniani zilikuwa dBase, FoxPro na Clipper, zote zikitumia DOS, ule mfumo wa skrini nyeusi yenye maandishi tu. Baadaye ikaja Microsoft Access. Ofisi inayofungua stoo yake leo inaweza kukuta lolote kati ya hayo.

Ghala, ufunguo na mahindi

Kosa la kwanza ni kuyachanganya mambo matatu yaliyo tofauti. Kompyuta yenyewe ni ghala. Programu ni ufunguo wa ghala. Data, yaani majina, nambari za ploti, tarehe na kiasi kilicholipwa, ndizo mahindi yaliyohifadhiwa ndani.

Mkulima ambaye mlango wa ghala umekwama haombolezi mlango. Anatafuta njia ya kuyatoa mahindi kabla hayajaoza. Vivyo hivyo, lengo la ofisi si kuifanya programu ya mwaka 1995 iendelee kufanya kazi milele. Lengo ni kuifungua mara moja kwa usalama, kuzitoa data zote zikiwa kamili, kuzithibitisha, kisha kuzihamishia mahali ambapo zitasomeka kwa miaka ijayo. Ofisi isiyotofautisha hayo huishia kwenye hasara moja kati ya mbili: ama inaitupa kompyuta ikidhani ni takataka, ama inaendelea kuitegemea mpaka siku inapozimika bila kuaga.

Kwa nini programu hukataa

Programu ya zamani inapokataa kufunguka kwenye kompyuta mpya, mara nyingi haijaharibika. Ilitengenezwa kwa mazingira ambayo hayapo tena. Sababu za kawaida ni hizi.

Ya kwanza ni biti. Programu za DOS na za Windows za mwanzo ziliandikwa kwa biti 16. Windows ya biti 64 haina kabisa sehemu ya kuendesha programu za biti 16, na Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, ni ya biti 64 pekee. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32 lililoweza kuendesha baadhi ya programu hizo, lakini Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 Oktoba 14, 2025. Karani anayebofya programu hiyo kwenye kompyuta mpya huambiwa tu kwamba haiwezi kuendeshwa.

Ya pili ni kasi. FoxPro za matoleo ya 2 zilipoanza zilipima kwanza kasi ya kompyuta kwa kuhesabu muda unaotumika kukamilisha mzunguko fulani wa kazi, kisha zikagawanya kwa muda huo. Kompyuta zilipokuwa na kasi zaidi, kazi hiyo ilimalizika upesi mno hata muda ukasomeka kuwa sifuri. Hesabu ya kugawanya kwa sifuri haina jibu, kwa hiyo programu ikasimama na kutoa ujumbe wa kosa. Wengi walidhani faili zimeharibika, kumbe tatizo lilikuwa wepesi wa mashine. Programu nyingine za zamani husema diski imejaa ilhali ina nafasi tele, kwa sababu hazikuundwa kuhesabu nafasi kubwa kiasi hicho.

Ya tatu ni printa. Programu za DOS hutuma risiti kwenye tundu la printa la kizamani, linaloitwa LPT1. Kompyuta mpya hazina tundu hilo. Printa zake huunganishwa kwa USB au mtandao. Programu inaweza kufunguka vizuri, kisha ikaganda karani anapoagiza kuchapisha.

Ya nne ni aina ya faili. Hifadhidata ya Access 97 haifunguki moja kwa moja katika Access 2013 na matoleo yaliyofuata. Ni lazima ipitishwe kwanza katika Access 2010 au toleo la kabla yake, igeuzwe, ndipo isomeke katika matoleo mapya.

Hatua ya kwanza: nakala kabla ya jaribio lolote

Kanuni inayotangulia zote ni kwamba hakuna jaribio linalofanywa juu ya faili halisi. Kompyuta iliyolala miaka kumi isiwashwe ovyo ili kuona kama bado inafanya kazi, kwani kuwashwa huko kunaweza kuwa ndiko kwa mwisho. Fundi aitoe diski, aiunganishe na kompyuta nyingine kwa kebo ya kugeuza diski za zamani ziingie kwenye USB, kisha achukue nakala ya diski nzima. Ipo programu ya bure iitwayo ddrescue inayofaa hasa pale diski inapoanza kuchoka, kwa kuwa husoma kwanza sehemu nzima na kuziachia mwisho zile zenye matatizo.

Anayenakili faili moja moja azichukue zote zilizo kwenye folda. Katika dBase na jamaa zake, jedwali liko kwenye faili yenye mwisho wa DBF, lakini maelezo marefu yako kwenye faili ya pili yenye mwisho wa DBT au FPT. Anayechukua DBF peke yake huacha maelezo hayo nyuma. Faili za faharasa, kama NTX na CDX, nazo zichukuliwe, ingawa zikipotea zinaweza kutengenezwa upya.

Nakala ziwe tatu: mbili kwenye vifaa tofauti ofisini, na ya tatu nje ya jengo. Sharti hili la mwisho lina maana ya pekee huku kwetu. Nyanda za juu za Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa sana na radi. Nakala tatu zilizochomekwa kwenye kompyuta moja zinaweza kuungua alasiri moja.

Hatua ya pili: kuifungua programu

Nakala zikishakuwa salama, njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kuacha programu ya zamani kando na kusoma faili zenyewe. Bahati nzuri, faili ya DBF si siri. Mwanzoni mwake imeeleza tarehe ilipobadilishwa mara ya mwisho, idadi ya rekodi, na jina na urefu wa kila safu. Kisha rekodi zinafuatana kwa mstari. LibreOffice, ambayo ni ya bure, hufungua faili hizo moja kwa moja. Kwa jedwali rahisi la malipo, hiyo inaweza kutosha.

Njia ya pili ni kuigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Hii inahitajika pale ambapo programu yenyewe hufanya hesabu, mathalani ya riba au salio, ambayo haikuhifadhiwa kwenye jedwali. Kwa programu za DOS kuna vDos, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi za ofisi na inayoelekeza uchapishaji kwenye printa za kisasa. DOSBox inajulikana zaidi, lakini ilitengenezwa kwa michezo, na haifai kuaminiwa kwa kazi ya kila siku ya kuandika rekodi za fedha. Kwa programu za Windows za zamani, VirtualBox huunda kompyuta pepe ambamo Windows ya wakati ule huwekwa, mradi ofisi ina leseni yake. Kompyuta pepe ya aina hiyo isiunganishwe na intaneti. Microsoft iliacha kuziba mianya ya Windows XP Aprili 8, 2014, na mwizi wa mtandaoni anaijua mianya hiyo vizuri.

Kwa njia yoyote ile, programu ya zamani itumike kusoma, wala si kuandika. Siku ofisi inapoanza kuingiza malipo mapya humo, inakuwa na madaftari mawili yanayopingana.

Mitego ndani ya data

Programu kufunguka si mwisho wa kazi. Mahindi yanaweza kutolewa ghalani yakamwagika njiani. Mitego mitatu hujirudia.

Mtego wa kwanza ni tarehe. Programu nyingi za wakati ule zilimtaka karani aandike mwaka kwa tarakimu mbili. Aliyeandika 04/03/05 alimaanisha Machi 4, 2005. Lakini programu ambayo haikuwa imerekebishwa kwa ajili ya karne mpya iliweka 19 mbele, ikahifadhi 19050304. Kwenye skrini tarehe ilionekana sawa, kwa kuwa ni tarakimu mbili tu za mwaka zilizoonyeshwa. Ndani ya faili, malipo hayo yalikuwa ya mwaka 1905, wakati ambapo hata kituo cha serikali ya kikoloni pale Getembe kilikuwa bado hakijaanzishwa.

Hapo ndipo penye jibu la mama wa Keroka. Data za zamani zilipohamishiwa mfumo mpya, mfumo ulikataa kila risiti yenye tarehe isiyowezekana. Malipo yake yaliachwa nje kama kosa, deni likabaki. Pesa zililipwa, karani aliandika, kompyuta ilihifadhi, na bado mama akaonekana mdaiwa. Ofisi inayochunguza orodha ya rekodi zilizokataliwa itamkuta hapo pamoja na wenzake. Ofisi isiyochunguza itaendelea kumdai.

Mtego wa pili ni rekodi zilizofutwa. Katika faili za DBF, rekodi ikifutwa haiondoki mara moja. Huwekewa alama ya nyota mbele yake na kubaki humo mpaka faili isafishwe. Programu mpya inayopuuza alama hiyo itafufua risiti zilizofutwa kwa haki, kama ile iliyoandikwa mara mbili kimakosa. Kwa upande mwingine, risiti iliyofutwa kwa hila nayo bado inaweza kuonekana. Rekodi zenye nyota zisichanganywe na nyingine wala zisitupwe. Ziwekwe kwenye orodha yake, zipitiwe moja moja.

Mtego wa tatu ni nambari za ploti. Data zikihamishwa kama maandishi kisha zikafunguliwa kwa haraka kwenye Excel, ploti 045 hugeuka 45, na ploti 7/12 hugeuka tarehe. Aliyehifadhi faili hiyo bila kutazama amepoteza nambari halisi. Dawa yake ni kuagiza, wakati wa kuingiza data, kwamba safu ya ploti isomwe kama maandishi, si kama namba.

Hatua ya tatu: kuthibitisha

Data zilizohamishwa ziaminiwe baada ya kupimwa, si kabla. Vipimo vitatu vinaweza kufanywa na karani yeyote. Kwanza, idadi ya rekodi katika faili ya zamani ilingane na idadi iliyoingia kwenye mfumo mpya, na tofauti yoyote ielezwe. Pili, jumla ya pesa kwa kila mwaka iwe ile ile pande zote mbili. Kipimo hiki pekee kingefichua risiti za 1905. Tatu, rekodi chache zichaguliwe bila mpango na zilinganishwe na leja za karatasi au nakala za risiti zilizopo.

Maafisa wawili waweke sahihi kwenye kumbukumbu ya kazi hiyo: nani alinakili, lini, kutoka mashine gani, kwa programu gani, na nini hakikulingana. Windows ina amri ya certutil inayoweza kutoa alama ya utambulisho wa faili, mfano wa alama ya kidole. Alama hiyo ikiandikwa siku ya kunakili, mtu yeyote anaweza kuthibitisha baadaye kwamba faili haijaguswa.

Karatasi hiyo yenye sahihi si urasimu mtupu. Kesi ikifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kompyuta iambatane na cheti kinachoitambulisha na kueleza jinsi ilivyotolewa. Ofisi isiyojua data zake zilipitia wapi itapata taabu kukitoa.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na inampa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Deni lililotokana na tarehe iliyokosewa ni habari ya aina hiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu ahakikishe ni sahihi na ziko salama. Diski ya zamani ina majina, nambari za vitambulisho na mali za watu. Haifai kubebwa kwenye flashi hadi saiba ili ikafunguliwe huko. Kumbukumbu za umma pia haziruhusiwi kuteketezwa bila idhini inayotolewa chini ya sheria ya Nyaraka za Taifa, Sura ya 19. Kompyuta chakavu ikifikia wakati wa kuuzwa, utaratibu wa Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 ufuatwe, na diski iondolewe au isafishwe kabisa baada ya data kuokolewa na kuthibitishwa.

Kwa mwenye ploti

Mwananchi naye ana sehemu yake. Anayedaiwa malimbikizo ya enzi za mabaraza aombe kwa maandishi taarifa ya akaunti inayoonyesha mwaka baada ya mwaka, badala ya jumla peke yake. Aulize kama rekodi za zamani zilihamishwa, na kama jina au nambari ya ploti yake iko kwenye orodha ya zilizokataliwa. Atafute risiti popote zilipo, hata zilizo kwa jina la marehemu mzazi, azipige picha kwa simu, na akabidhi nakala huku akibaki na zile halisi. Risiti moja ya karatasi inaweza kumwonyesha fundi mahali pa kutazama ndani ya rekodi elfu nyingi.

Na karani anayepita stoo akaona kompyuta iliyofunikwa gunia, kabla ya kuiandika kwenye orodha ya takataka, aulize swali moja: humu mna daftari la nani?

Maswali ya kujipima

1. Ni ipi tofauti kati ya mashine, programu na data, na ni kipi kati ya hivyo kinachohitaji kuokolewa kwanza?

2. Kwa nini kompyuta isiyotumika kwa miaka mingi haifai kuwashwa kabla diski yake haijanakiliwa?

3. Ofisi imehamisha rekodi zote na mfumo mpya unafunguka vizuri. Ni vipimo vipi vitatu bado havijafanywa?

4. Katika ofisi yako, nakala ya tatu iko wapi?